Opereta na Kelele za Magharibi

Tulimwita Opereta. Jina alikuwa nalo, niliwahi kuliona kwenye kipande chake cha utambulisho, lakini hapa sitaliandika. Alikotoka pia siandiki, kwa sababu sikumuuliza. Isiolo ya wakati ule, mwanzo wa miaka ya sabini, mtu hakuulizwa alikotoka kama alikuwa anajua kazi. Aliulizwa anaweza nini. Huyu alisema anaweza redio. Nikamwambia, haya, washa tuone. Akawasha.

Redio kol yenyewe, ile ya kuitana na kujibizana, tuliinunua watu watatu wenye malori, mimi nikiwa mmoja wao. Sote watatu ukituchanganya hatukufikisha darasa la saba. Mimi niliacha la pili, nikaenda kubeba magunia, kutoka magunia nikawa turniboi, msaidizi wa dereva, kutoka turniboi nikawa dereva, na kutoka dereva nikanunua lori langu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Sasa lori likikwama njia ya Merti au ya Marsabit, habari ilikuja na mtu anayepita, na mtu wa kupita labda alikuwa bado hajazaliwa. Tukasema hapana. Tukaweka mtambo mmoja katika yadi yangu, mwingine katika duka la Merti, mwingine Marsabit. Waya wake ulitoka kwenye mlingoti nyuma ya gereji mpaka paa la jikoni kwangu.

Mke wangu aliuona ule waya, akaona kamba ya nguo. Opereta alitoka nje siku moja, akasimama mbele ya jikoni, mikono nyuma.

"Mama, suruali ya mzee inasikika Marsabit."

"Inasema nini?"

"Inasema haijakauka. Itoe."

Aliitoa. Wiki iliyofuata alianika shuka.

Kuzungumza kwake kulikuwa kwa redio hata pale hakuna redio. Kila kitu alikisema mara mbili, kwa sababu kwenye redio neno moja hupotea na la pili hufika. Akienda hotelini aliagiza hivi: "Chai moja. Narudia, chai moja. Sukari nyingi." Mimi Mwislamu nikiingia pale ofisini na salaam aleikum, yeye mtu wa kanisa alinijibu, "Nimekupata vizuri, Bwana Malori, habari yako." Hakucheka akisema hivyo. Watu waliokaa kwenye benchi nje ndio walicheka.

Hilo benchi lilikuwa halikosi watu. Redio ilikuwa ya malori lakini ilibeba kila kitu: mbuzi wameuzwaje Oldonyiro, mvua imefika wapi, nani amezaa, nani amekufa. Mtu angekuja kutoka Kinna na ujumbe wa shemeji yake wa Marsabit, akae hapo mpaka apate jibu, na Opereta asimtoze kitu. Lakini ungemsumbua akiwa na hedfoni masikioni, angekuonyesha mlango kwa kidole bila kugeuka. Alikuwa na dharau huyo mtu. Alimwambia mwenzangu mmoja, mwenye malori mengi kuliko mimi, kwamba anashika kipaza sauti kama mtu anayekula muhindi wa kuchoma.

Nyumbani kwake, mkewe alisema, alikuwa hazungumzi. "Amemaliza maneno yote kwa watu asiowaona," mkewe aliniambia. "Akifika hapa ameishiwa." Mimi sikuamini, maana kwangu alikuwa hanyamazi. Siku moja nikaenda kwake kumwita kwa sababu lori lilikuwa limekatika ekseli, nikamkuta amekaa kwenye kiti, mkewe kwenye kingine, na kimya baina yao kama ukuta. Kumbe kweli.

Sasa nieleze kuhusu jioni, kwa sababu bila jioni huyu mtu huwezi kumjua.

Mchana redio ilifanya kazi. Jua likishazama tu, muda wa kutawadha na kuswali magharibi, sauti zilianza kuvunjika. Mtu wa Marsabit alikuwa anazungumza sawasawa, mara anatetemeka kama mtu aliye nyuma ya lori kwenye barabara mbovu, mara anakuwa maji, mara haeleweki. Si kila siku ya mwaka, lakini miezi fulani ilikuwa kila siku. Maopereta wote wa vituo vyetu walijua. Kwa hiyo desturi ikawa hivi: adhana ya magharibi ikisikika, kila kituo kinaagana na kingine, kinafunga. Redio ilikula betri ya lori, na betri haikuwa ya kuchezea kwa kusikiliza makelele. Opereta alizima, akavua hedfoni, akaufunika mtambo na kitambaa cheupe alichoshonewa na mkewe, akakinyoosha pembe zote nne. Asubuhi jua likitoka anafunua. Saa hiyo ya asubuhi ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, sauti ni maji ya kisima.

Mimi nilisema kelele zinatoka kwenye jenereta za kambi ya jeshi. Yeye alisema hapana, ni jua. Jua likiondoka linavuta kitu nyuma yake.

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu."

"Opereta mzima unasema kitu."

"Wewe nawe unaendesha gari. Petroli ni nini?"

Tuliishia hapo. Tulikuwa tunaishia hapo mara nyingi.

Kulikuwa na siku nyingine mbaya zaidi, chache, ambazo redio iliugua mchana. Alikuwa akisema, "Leo jua linaumwa." Siku hizo aliweka hedfoni, akasikiliza, akazivua na kuziangalia kama zimemtukana.

Ndugu yangu mdogo alikuwa akiendesha lori langu la kwanza. Alikuwa amenifuata mimi tumboni mwa mama, hakuna mwingine kati yetu. Miaka ya sabini ilikuwa inaisha. Siku chache kabla, redio ilizimika ghafla adhuhuri, kimya, kisha ikarudi. Baadaye ikaja siku ambayo iliugua tangu asubuhi mpaka jioni. Marsabit ilisikika kama mtu aliyezama. Merti tuliipata kidogo saa za chakula, ikapotea. Mimi nilikuwa nimekaa pale na chai. Opereta alitazama nje, jua lilikuwa bado halijagusa paa.

"Mchana ukiwa namna hii, jioni usiitarajie kabisa," akasema. "Leo nafunga mapema."

Akaagana na hewa tu, kwa sababu hakuna aliyemjibu. Akazima. Akafunika na kile kitambaa. Nakumbuka alinyoosha pembe.

Saa hiyo hiyo ndugu yangu alikuwa anashushwa kwenye lori la mtu mwingine mbele ya zahanati ya Merti. Lori lake lilikuwa limeteleza na kulala ubavu, usukani ukamgonga tumbo. Damu haikuonekana nje. Dresa wa pale, mtu wa kufunga vidonda, alimshika tumbo, akaona linakuwa gumu, akasema huyu anataka hospitali kubwa na anaitaka sasa. Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Ilibaki ndege ya madaktari kutoka Nairobi. Ndege haitui Merti gizani, hapana taa, lakini ukiiomba jioni inaruka alfajiri, na jua likitoka iko juu yenu. Njia ya kuiomba ilikuwa moja: Merti kwetu, na sisi kwa simu ya Nairobi.

Mwenye duka la Merti alikuwa naye amefunga, kama desturi. Alifungua kwa sababu ya ndugu yangu. Aliwasha akitarajia makelele. Alinieleza mwenyewe baadaye, tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa matanga. Alisema, "Walaal, ndugu yangu, sijawahi kuona. Hakukuwa na kelele hata kidogo. Nilisikia watu wa mbali, labda Kongo, wanazungumza lugha yao, kila neno liko wazi kama wamekaa juu ya gunia langu la sukari. Niliwaita, hawakunielewa. Niliita Isiolo. Niliita Isiolo mpaka sauti ikakauka. Hewa ilikuwa wazi, hapakuwa na mtu."

Marsabit ilikuwa imefunga. Sisi tulikuwa tumefunga.

Asubuhi jua likatoka, Opereta akafunua mtambo, akawasha. Na saa ile ambayo siku zote ilikuwa safi, ilikuwa imejaa kelele za magharibi, zile zile, zimehamia asubuhi. Ndani yake kulikuwa na mtu anaita. Nilimsikia Opereta kutoka nje: "Rudia. Sijakupata, rudia. Rudia." Jua lilipanda. Kelele zikaanza kupungua kidogo kidogo, maneno yakaanza kutoka. Alipoyapata yote alivua hedfoni, akatoka nje, akaja mpaka niliposimama.

"Merti inasema ndugu yako ameumia vibaya, wanataka ndege," akasema. "Narudia. Ndugu yako ameumia vibaya, wanataka ndege."

Tulipiga simu Nairobi. Ndege iliruka. Ilipotua walikuwa wamekwisha mfunika. Rubani akanywa chai dukani, akarudi. Walimzika Merti siku hiyo hiyo, mimi sikuwahi.

Habari ya kifo ilikuja kwa redio pia. Opereta aliniambia mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake.

Watu waliniuliza kwa nini sikumfukuza. Sikumfukuza. Nikiulizwa nilihisi nini, sijui kama nilihisi kitu. Nilikwenda gereji, nilihesabu spea, nilimwambia turniboi mpya aoshe lori. Mke wangu alilia kwa niaba yangu, akaniambia hivyo waziwazi. Kwenye matanga Opereta alikuja, akavua viatu, akakaa mkekani na watu, akanywa chai, akaondoka. Hakusema pole. Watu wote walisema pole, hata watu niliowadai na wakanikimbia walisema pole. Yeye hapana. Nilingoja mpaka matanga yakaisha. Halafu nikaacha kungoja, au nilifikiri nimeacha.

Kitu kimoja kilibadilika. Hakufunga tena. Kitambaa alikikunja, akakiweka kwenye droo. Adhana ikilia, Marsabit na Merti wanaagana na kufunga, yeye anabaki na hedfoni masikioni, anasikiliza kelele. Benchi limeondoka watu, mke wangu anapika, yeye yuko pale. Betri zilikufa haraka. Wenzangu wawili walikuja kulalamika.

"Huyu mtu anasikiliza nini?" mmoja akauliza. "Anatumalizia betri na hakuna mtu hewani."

"Muulizeni."

"Tumemuuliza. Anasema anasikiliza."

"Basi anasikiliza," nikasema. Nikawaambia betri nitaweka zangu. Nikaweka zangu.

Vijana wa mjini walimpa jina, Baba Kelele. Walipita dirishani wakitoa sauti za redio mbovu kwa midomo. Hakugeuka. Baadaye tukaja kujua kwamba hakuwa akiwapuuza tu. Masikio yalikuwa yanakwisha. Miaka yote ya makelele ndani ya hedfoni, na sauti akiiongeza, akiiongeza tena, akitafuta mtu ndani yake. Ikawa ukimsemesha kutoka upande wa kushoto unasema na mlango.

Katikati ya miaka ya themanini alikuja mtu wa chuo kikuu, kijana wa miwani, mpole. Aliweka mlingoti wake kwenye uwanja wa shule, akipokea sauti za satelaiti, kuangalia zinavyotetemeka zikipita angani kwetu. Alisikia kuna mtu wa redio anayekaa na kelele kila jioni, akaja kumwona. Nilikuwapo. Tulipata maelezo yetu hapo, na mimi wa darasa la pili niliyaelewa, kwa hiyo na wewe utayaelewa.

Alisema juu kabisa, mbali kupita mawingu, kuna hewa iliyopigwa na jua mpaka imekuwa na umeme ndani yake. Hiyo ndiyo hurudisha sauti ya redio chini, ndiyo maana Isiolo inasikia Marsabit na kuna milima katikati. Huku kwetu karibu na ikweta, jua likizama ile hewa hupanda juu haraka, na chini yake hutoka mapovu yanayopanda, kama uji ukianza kuchemka. Sauti ikipita kwenye mapovu inavunjika. Hizo ndizo kelele za magharibi.

"Kwa hivyo ni jua," Opereta akasema, akanigeukia. "Si jenereta."

"Nimekupata," nikamwambia.

Kijana akaendelea. Wakati mwingine jua hulipuka, na mlipuko wake ukifika huku baada ya siku mbili tatu, unatikisa sumaku ya dunia nzima. Wanaita dhoruba ya sumaku. Dhoruba ikija, upepo na umeme wa kule juu hubadilika. Ikiwa imekwisha anza mapema, jioni ile hewa haipandi tena kama kawaida, inashikwa chini, uji hauchemki. Magharibi inakuwa tulivu. Kisha kuelekea alfajiri, wakati ambapo kila kitu kingekuwa kimelala, inapanda. Mapovu yanatoka saa hiyo, na yanaweza kukaa mpaka jua litoke.

Opereta alikuwa amemgeuzia sikio la kulia. "Rudia," akasema.

Kijana akarudia, kwa sauti kubwa.

"Kwa hivyo mchana kuwa mbaya si alama kwamba jioni itakuwa mbaya."

"Si alama. Mara nyingine ni kinyume chake."

"Mara nyingine."

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu dhoruba ikigonga saa ile ile jua linapozama, inaweza kuipandisha hewa zaidi, na kelele zikazidi kuliko siku zote. Inategemea imefika saa ngapi. Hata sisi tunajua ikishapita."

"Mtu aliyekaa hapa na redio tu angejua?"

"Asingejua."

"Angejua kwa njia gani?"

Kijana aliona tunamtazama wote wawili. Hakujua ni kwa nini. "Asingejua kwa njia yoyote," akasema. "Isipokuwa awe ameacha redio wazi."

Opereta alichukua birika, akatoka kwenda kuongeza chai. Alikaa huko. Kijana akaniuliza kama amemkosea mzee. Nikamwambia hapana, umejibu ulichoulizwa. Birika liliporudi lilikuwa tupu kama lilivyoondoka.

Simu zilipozoeleka, wenzangu wakasema redio iuzwe. Nikasema ya yadi yangu haiuzwi. Opereta alikuwa anastaafu, anahamia Ngaremara, ana mbuzi wachache pale kando ya barabara. Nilimpakilia mtambo, betri mbili, waya na mlingoti. Alikagua mafundo ya kamba, akafungua mawili, akayafunga upya. Asante hakusema.

Mara ya mwisho kumwona miaka ya themanini ilikuwa inaisha. Nilikuwa natoka kaskazini na dereva wangu. Redio ya dereva, ile ya kusikilizia mpira na habari za mbali, ilikuwa imekataa tangu asubuhi, kila stesheni inazama. Dereva akaipiga kofi. Nikamwambia usiipige, jua linaumwa. Sijui kwa nini niliitumia sentensi ya mtu mwingine. Tulipofika Ngaremara jua lilikuwa linashuka, nikamwambia asimame.

Nilimkuta kwenye banda la bati pembeni ya nyumba. Amekonda. Mkewe alinileta, akamgusa bega, kwa sababu kuita hakukusaidia tena. Alinitazama.

"Bwana Malori," akasema. "Nimekupata."

Nilikaa. Mtambo ulikuwa mezani, safi, hauna vumbi, na taa yake ndogo ilikuwa inawaka. Waya ulikwenda kwenye mlingoti nje. Hedfoni hakuvaa, alikuwa ameweka spika iwe wazi kwa sauti ya juu, nadhani ili aweke mkono juu yake, maana mkono wake ulikuwa pale, unasikiliza kwa ngozi. Msikiti wa barabarani ukaadhini. Nikangoja kelele.

Hazikuja. Spika ilikuwa kimya, kimya kisafi, halafu sauti ya mtu wa mbali sana ikapita, mwanamume anacheka na mwenzake kwa lugha nisiyoijua. Kila pumzi yake iliingia bandani. Alimaliza kucheka, akanyamaza.

Opereta aliniangalia usoni. Aliinama karibu.

"Kuna kelele?"

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua. Angekunja mguu, tungekunywa chai, ningeondoka. Lakini mimi sikuzoea kusema kitu ambacho hakipo.

Nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia. "Hakuna. Ni safi."

"Rudia."

"Ni safi. Hakuna kelele."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akachukua kipaza sauti, akakishika sawasawa, si kama muhindi, akabonyeza.

"Merti, Merti, hapa Isiolo. Nakusikiliza. Narudia. Merti, hapa Isiolo, nakusikiliza."

Akaachia. Tukakaa. Duka la Merti lilikuwa limeshauzwa miaka kadhaa nyuma, mtambo wake sijui ulikwenda wapi, na yeye alijua hivyo kama nilivyojua mimi. Mkono wake ulikuwa juu ya spika. Akaita tena, kwa maneno yale yale. Nje dereva wangu alipiga honi mara moja, akaacha. Akaita mara nyingine.

Kisha akanigeuzia sikio.

"Amejibu?"

"Hakuna aliyejibu," nikamwambia.

"Sawa." Aliweka kipaza sauti chini. "Saa hii wamefunga."

Mkewe alileta chai. Tulikunywa. Nilipoinuka kuondoka taa ya mtambo ilikuwa bado inawaka, na mkono wake haukuwa umetoka juu ya spika.